Ongezeni Madirisha, Wenye Ploti wa Ndhiwa

Ndugu zetu wenye nyumba za kupangisha mjini Ndhiwa, tunawajia kwa adabu na ombi moja: vyumba vyenu vipate mwanga. Wanaolala humo ni walimu, wauguzi, vibarua wa kiwanda cha sukari na vijana wa bodaboda. Vyumba vingi ni vya futi 10 kwa 10, na dirisha la kila kimoja halizidi sinia. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, mtoto anawasha taa ili asome.

Tunajua kwa nini madirisha yalijengwa madogo: mwizi, mbu, na bei ya vyuma. Hofu hiyo si mpya: kule Thimlich Ohinga, upande wa Migori, wazee walipanga kuta za mawe makavu zenye milango ya kuinamia, kuta ambazo UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Waliogopa adui na ng'ombe kuibwa. Lakini adui wa mpangaji wenu ni moshi wa jiko na kifua kikuu, na hao wanastawi penye hewa iliyokwama. Mbu wa malaria naye hangojei dirisha. Hupitia uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Zibeni hapo kwa wavu, na dirishani wekeni wavu pamoja na vyuma.

Chumba cha futi 10 kwa 10 kinataka dirisha la futi 4 kwa 2 na nusu, yaani sehemu ya kumi ya sakafu. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazochomwa na jua. Anayejenga upya afungue kaskazini na kusini. Ploti iliyokwisha kujengwa ikitazama mashariki, iongezewe baraza lenye bati la kukinga jua. Ndani pakeni chokaa nyeupe. Na jamani, msipandishe kodi kwa sababu ya jua. Jua halileti bili.

Wapangaji nanyi, seti ya sofa ya watu saba ndani ya chumba kimoja, na vitambaa vyake vyote, inaziba mwanga ikimngoja nani? Wageni wa matanga hukaa nje chini ya tenti. Kitanda, viti viwili na rafu ya ukutani vinatosha.

Wenye ploti, mvua ndefu huanza Machi, basi Januari na Februari ndio wakati wa kubomoa ukuta. Anzeni na chumba kimoja kisicho na mtu. Mpangaji akija kukitazama, mfungulieni dirisha kabla hamjataja kodi.