Historia ya miamala isifunguke yote mara moja

Uko dukani, umeshalipa, na mwenye duka anasema hajaona pesa. Unafungua historia ya miamala kwenye simu umwonyeshe. Kale kaduara kanazunguka tu, na nyuma yako foleni inaanza kuguna. Malalamiko ya aina hii tumeyasoma mengi.

Wengi hudhani ni mtandao. Wakati mwingine ni kweli. Lakini tatizo linaweza kuwa upande wetu, kwenye namna programu inavyoiuliza hifadhidata. Ikisema, "Nipe miamala yote ya mteja huyu," aliyetumia huduma miaka mitano ataletewa maelfu, na anachotaka ni ule wa dakika mbili zilizopita. Bando lake linaliwa bure.

Dawa ya kwanza ni faharasa, kama ile iliyo nyuma ya kitabu. Bila hiyo, hifadhidata hupekua rekodi za wateja wote. Ikipangwa kwa mteja, kisha kwa tarehe na saa, inafika kwako moja kwa moja. Hapo hakuna ubishi.

Ubishi uko kwenye miamala ya zamani. Njia iliyozoeleka ni ya kuhesabu: ruka 20 ya kwanza, nipe 20 inayofuata. Ni rahisi kuandika, ndiyo maana inapendwa. Sisi tunaipinga. Ukishuka mbali, tuseme baada ya 2,000, hifadhidata bado inaipitia yote hiyo na kuitupa kabla ya kukupa 20 yako.

Na kuna ubaya mkubwa zaidi. Ukiwa bado unasoma ile ya kwanza, mtu akutumie pesa, orodha nzima inasogea chini hatua moja. Muamala wa 20 unakuwa wa 21, na ukishuka unaukuta tena. Kodi ya nyumba mara mbili! Hujakatwa mara mbili, ila moyo umeshashtuka. Mama mboga anayejumlisha mauzo ya siku kutoka orodha hiyo atahesabu pesa ambazo hana.

Afadhali programu ikumbuke muamala wa mwisho uliouona, kisha iulize, "Nipe 20 iliyoutangulia huu." Faharasa hupafikia upesi, na mipya ikiingia juu haivurugi kitu. Hasara yake ni kwamba huwezi kuruka hadi ukurasa wa 57. Wenzetu wengine wanaiona hiyo kasoro kubwa. Jamani, nani anajua kodi ya Machi iko ukurasa wa ngapi? Utaitafuta kwa tarehe.

Kwa sasa, ukiona muamala umejirudia, linganisha namba za muamala kabla ya kudai kurudishiwa pesa. Zikiwa zilezile, ni muamala mmoja. Na orodha ikikwama pale dukani, usilipe tena. Tafuta kwanza SMS ya uthibitisho. Ikishaingia kwenye simu, unaisoma hata bila bando.