Meko ya Nyumbani: Mikate ya Viazi

Mwezi huu twaingia tena jikoni. Hapa kwetu Nyabiyonza, mtu asemapo chakula, mawazo ya wote huenda kwenye ndizi na maharage. Viazi ulaya twavichemsha tu, na vibakiapo usiku, asubuhi hutupwa. Lakini watu wa Ayalandi huvifanya mikate mizuri, wala kazi yake si ngumu.

Twaa viazi nusu kilo, uvimenye, uvichemshe katika maji ya chumvi hata vilainike. Mwaga maji, kisha urudishe sufuria motoni kitambo kidogo ili unyevu ukauke; kwani viazi vyenye maji hutaka unga mwingi, na unga mwingi huufanya mkate kuwa mgumu. Viponde vingali moto, pasibaki bonge. Tia samli vijiko viwili, chumvi kidogo, na unga wa ngano robo tatu ya kikombe. Changanya upesi, wala usikande sana kama ukandavyo chapati. Sukuma duara lenye unene wa kidole chembamba, ulikate robo nne. Nyunyiza unga kidogo katika kikaango kikavu, uoke kwa moto mdogo, dakika 4 au 5 kila upande, hata pawe na madoa ya kahawia. Mikate hii huliwa ingali moto, pamoja na chai au maharage.

Viazi vilivyobaki jana vyafaa pia, ikiwa havijachacha. Vipashe moto kwanza. Bali kiazi kilichogeuka kijani kwa kukaa juani usiwape watoto: kina sumu, na kuchemsha hakuiondoi.

Yafaa tukumbuke na habari ya wenye mikate hii. Maskini wengi wa Ayalandi walitegemea viazi peke yake. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia mashambani, viazi vikaoza ardhini, na njaa ikadumu miaka kadhaa. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wengi wakaihama nchi yao. Kosa halikuwa la kiazi. Walikuwa na tegemeo moja tu, nalo lilipoanguka hawakuwa na la pili.

Nasi tusidhani jambo hilo li mbali. Mnyauko wa migomba ulipoingia katika mkoa wetu wa Kagera katika miaka ya 2000, tulijifunza kwamba hata shamba tulilorithi kwa babu laweza kukauka machoni petu.

Basi, akina mama, jaribuni mikate hii. Nanyi walimu, wapeni watoto tuta moja la viazi shuleni walilime wenyewe. Tusiiache migomba yetu, lakini kando yake tupande na kitu kingine, ili siku mmoja ukikosa, sufuria isikae tupu.