Buibui wa Shambani Asiuawe

Katika vilima vya Kamembe, juu ya Ziwa Kivu, mkulima apinduapo nyasi kavu zilizotandazwa chini ya migomba au mibuni huwaona buibui wa rangi ya udongo wakitimua mbio. Mara nyingi jembe huwaangukia papo hapo. Igitagangurirwa, kama aitwavyo kwa Kinyarwanda, huogopwa na watoto, na mama wa nyumbani humchukia kwa ajili ya utando wake darini. Lakini huyu wa shambani ni mwingine, na kumwua ni kujitia hasara.

Yeye hatandi utando wa kunasia. Ni msasi mwenye macho manane, mawili kati yake makubwa, naye huwinda kwa kukimbia na kurukia. Chakula chake ni nyenje, mchwa, viwavi wachanga na vidukari waangukao kutoka majanini. Hulichoma windo kwa meno yenye sumu, kisha huliyeyusha kwa mate na kulifyonza hata likabaki ganda tupu. Jike hubeba mfuko wa mayai ulioshikamana na ncha ya tumbo lake. Watoto wakianguliwa hupanda mgongoni mwa mama yao na kukaa huko siku kadhaa. Usiku, mwenye tochi huyaona macho yao yakimeta kama umande. Binadamu hana haja ya kumwogopa. Huuma tu akifinywa, na maumivu hupita.

Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni Amerika, walivamia mahindi ya Rwanda. Watu waliwaokota kwa mikono, na dawa zikapulizwa. Isidhaniwe kwamba buibui peke yake angaliwamaliza. Kiwavi aliyekwisha kujificha ndani ya moyo wa mmea hafikiki. Lakini yule mchanga aangukaye, na yule ashukaye udongoni ili ageuke nondo, hupita mlangoni pake.

Dawa nayo haichagui. Humwua buibui pamoja na kiwavi, na kwa kuwa buibui huchelewa kuzaana, wadudu hurejea kabla yake. Ndipo mkulima anunuapo chupa ya pili, kwa fedha ambayo ingalinunua chumvi na madaftari. Yafaa basi shamba likaguliwe kwanza, na dawa ipulizwe pale tu palipo na wadudu wengi. Mabaki ya mavuno yasichomwe, na nyasi za kingo za matuta zisifyekwe zote kwa siku moja.

Mwenye shaka na ajaribu. Makopo mawili yafukiwe jioni, moja penye matandazo, jingine penye udongo mtupu, midomo yake ilingane na ardhi, na kigae kiinuliwe juu yake kwa vijiti kuzuia mvua. Asubuhi waliotumbukia wahesabiwe na kuachiliwa mapema, kwani wakikaa kopo moja hulana wenyewe kwa wenyewe.