MWANAFUNZI NAYE NI RAIA



Tarehe 10 Aprili 2025, mjini Nakuru, wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walipanda jukwaani katika tamasha la kitaifa la drama. Ukumbi haukuwa na watazamaji. Wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka, wakaenda zao. Mwandishi wa mchezo wao, aliyekuwa seneta Cleophas Malala, alikuwa ametiwa mbaroni. Nje, polisi walirusha vitoa machozi. Dola nzima ilijihami dhidi ya mchezo wa kuigiza!

Mchezo huo, Echoes of War, wasimulia ufalme wa kubuni unaojaribu kuinuka baada ya vita, na vijana wanaotaka kusikilizwa na wazee wao. Ulipozuiwa, Mahakama Kuu iliamuru uruhusiwe. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 2013, shule iyo hiyo ilipigwa marufuku kuigiza Shackles of Doom, mchezo uliohusu ugavi wa mali ya nchi baina ya jamii, na Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo. Serikali imefundishwa somo moja mara mbili, na mara mbili imekataa kuelewa.

Sisi tulioupigania mfumo wa vyama vingi twaijua hofu hii. Mwaka wa 1977 utawala uliupiga marufuku mchezo wa Ngaahika Ndeenda, na mwaka wa 1982 ukaubomoa ukumbi wa wanakijiji wa Kamiriithu. Hadi 1997 tulihitaji leseni ili kukutana hadharani. Tuliyakataa hayo kwa niaba yetu. Je, tutayakubali kwa niaba ya watoto wetu?

Sheria iko wazi. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 champa kila mtu uhuru wa kujieleza, ukiwemo uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Hakikusema kila mtu mzima. Mipaka imetajwa papo hapo: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki. Kumkera waziri hakumo katika orodha hiyo.

Twaambiwa kwamba watoto wanatumiwa na wanasiasa. Basi mwanasiasa na ajibiwe kwa hoja. Kosa lake, kama lipo, si sababu ya kumziba mdomo msichana aliyekariri mistari yake kwa majuma mengi. Twaambiwa pia kwamba shule yahitaji nidhamu. Naam, yahitaji. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipima jambo hilo mwaka wa 1969, katika kesi ya wanafunzi wa Des Moines waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam. Iliamua kwamba mwanafunzi haziachi haki zake langoni mwa shule, na kwamba anayetaka kumnyamazisha sharti aonyeshe kuwa masomo yatavurugwa kwelikweli. Hofu tupu haitoshi. Uamuzi huo haututawali, lakini kipimo chake ni cha busara. Tukiutumia Nakuru, twauliza: ni nani aliyevuruga utulivu? Aliyeimba wimbo wa taifa, au aliyerusha vitoa machozi?

Wako wanaotukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Kweli. Ukimkunja kwa woga, atakauka na woga. Mtoto aliyefunzwa kunyamaza akiwa na miaka kumi na saba hatasema kweli akiwa hakimu, mhasibu wa kaunti au msimamizi wa uchaguzi.

Nanyi waumini, mna wajibu wa pekee. Makuhani walikasirika watoto walipopaza sauti hekaluni, wakamwuliza Bwana kama asikia wanayosema. Hakuwanyamazisha. Shule nyingi za umma zafadhiliwa na makanisa yenu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yampa mfadhili viti vitatu katika bodi ya shule. Waulizeni wawakilishi wenu: mchezo, shairi au gazeti la wanafunzi likikatazwa, ni nani anayetoa amri? Sababu zaandikwa wapi? Mwanafunzi akate rufaa kwa nani? Pasipokuwa na jibu, daini kanuni zilizoandikwa, na mzidai kabla ya msimu ujao wa tamasha.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wasichana wa Butere walitaka kututajia maradhi yetu. Tuwaache waseme.