Kibao cha Ufunguzi Kimtaje Aliyelipa

Langoni mwa Fort Jesus, ngome ya Mombasa, pana jiwe la Kireno la kumsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira. Linaeleza kuwa alishika ukapteni mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, akaijenga ngome upya, akawatiisha wafalme wa pwani na kuwatoza kodi. Kisha linataja vyeo alivyotunukiwa na mfalme wake. Lisilosema ni kwamba Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hassan wa Mombasa alimuua kapteni wa ngome hiyo hiyo na kuikalia, na kwamba Wareno waliirudia 1632 baada ya Yusuf kuihama mwenyewe. Mawe ya sifa ndivyo yalivyo, humtumikia mwenye patasi. Katika Roma ya kale, mwaka 203, tao la mfalme Septimius Severus lilichongwa jina lake na majina ya wanawe wawili, Caracalla na Geta. Baba alipokufa Caracalla alimuua nduguye, na jina la Geta likakwanguliwa, nafasi yake ikajazwa sifa zaidi za waliobaki.

Nayasema haya kwa sababu ya vibao vyetu. Kuanzia Ziwa la Ng'ombe hadi Likoni, darasa au zahanati ikikamilika, mara nyingi kinachobaki ukutani ni jina la mheshimiwa aliyevuta pazia. Jiwe la msingi la Fort Jesus la mwaka 1593 limemtaja Mfalme Philip na mwakilishi wake wa India, lakini limemtaja pia João Batista Cairato, msanifu aliyeichora ngome. Mkoloni, pamoja na majivuno yake yote, alikumbuka fundi. Sisi hata mkandarasi hatumwandiki, seuze mlipa kodi.

Nitaambiwa mheshimiwa ndiye aliyepigania mgao, na kushukuru si dhambi. Sawa, ashukuriwe jukwaani. Lakini pesa za NG-CDF, mfuko wa serikali kuu wa maendeleo ya maeneo bunge, ni kodi ya mama muuza samaki wa Kongowea na ya dereva wa matatu; anayekurudishia chako hakukupa zawadi. Wengine watauliza kibao kina maana gani kwa watu wanaohangaikia maji. Kina maana, kwa kuwa ndiyo hati ya mradi ambayo mzazi anaweza kuisoma akiwa amesimama uani, bila kubisha hodi ofisi yoyote. Ukuta ukipasuka mwaka wa pili, atajua amuulize nani.

Basi kamati ya NG-CDF ya Nyali na serikali ya Kaunti ya Mombasa waanze na mradi ujao: kibao kiandikwe kwa Kiswahili, kitaje gharama, chanzo cha pesa, mkandarasi na tarehe ya kukamilika. Jina la mheshimiwa likilazimika kuwepo, liwe la mwisho, kwa herufi ndogo.