Fosfori Iliyofungwa



Mwezi huu ninajibu swali la mama mmoja wa Masisi, aliyenisimamisha njiani akanipeleka kuona maharagi yake. Yalikuwa na wiki sita, lakini kwa macho ungesema ni wiki mbili. Mahindi ya kando yalikuwa na majani yenye rangi ya zambarau. Akasema: "Pasta, udongo umekufa. Kijana wangu anasema afazali aende Rubaya kuchimba koltani, kwani shamba haiko inatulisha tena."

Nilimwambia kwamba udongo haujafa. Rangi ile ya zambarau katika mahindi, mara nyingi ni alama ya njaa ya fosfori. Fosfori ndiyo inayopea mmea nguvu ya kusukuma mizizi na kujaza mbegu. Na jambo la ajabu ni hili: katika udongo wetu mara nyingi fosfori iko, lakini imefungwa.

Ninyi wachimbaji mutanielewa upesi kuliko watu wa mji. Jiwe linaweza kuwa na kasiterite ndani, lakini nani atakununulia mlima? Inafaa kuvunja, kusaga, kuosha. Fosfori nayo ni vile. Katika udongo mwekundu wa Walikale, mvua ya maelfu ya miaka imeosha vitu vingi na kuacha chuma na alumini. Hizo mbili zinakamata fosfori kwa nguvu, na mzizi unapita karibu bila kupata kitu. Ndiyo maana ukikata pori na kuchoma, majivu yanakupa mavuno mazuri mwaka wa kwanza, labda wa pili, kisha muhogo unaanza kukonda. Masisi ya mashariki, kuelekea Sake, ni habari nyingine. Kule udongo mweusi umechanganyika na majivu ya volkano. Watu wanausifu, na kweli unashika maji vizuri. Lakini udongo wa namna ile unajulikana duniani kote kuwa mchoyo wa fosfori. Weusi wake usikudanganye.

Sasa nani atafungua? Majani mabichi yakioza yanatoa asidi: ile iliyo ndani ya ndimu, na ndugu zake, oksaliki na maliki. Mizizi ya mimea mingine pia inazitoa yenyewe. Mwaka 1990 wataalamu huko India walionyesha kwamba mizizi ya mbaazi inatoa asidi yake inayonyang'anya chuma fosfori. Asidi hizo zinashika chuma na alumini, na fosfori inaachiliwa. Tena zinakalia zile nafasi ambapo fosfori ingenaswa. Na alumini ikisha kushikwa, haiunguzi tena mizizi.

Mama akanikatiza: "Pasta, agronomu alisema udongo wetu uko na asidi mingi. Sasa unataka niongeze asidi juu ya asidi?" Swali zuri sana, na mimi mwenyewe nililiuliza zamani. Hatusemi maji ya batri. Asidi za majani ni nyepesi, na majani mabichi yakioza vizuri, mara nyingi uchachu wa udongo unapungua kidogo. Lakini usiende kukamulia shamba ndimu! Utapoteza ndimu tu.

Munajua ule mmea wenye maua ya manjano kama alizeti, majani machungu sana, unaojaa kando ya barabara? Wataalamu wanauita titonia. Katika miaka ya 1990, magharibi mwa Kenya, ambako udongo mwekundu unafunga fosfori kama wetu, watafiti na wakulima waliujaribu katika mashamba ya mahindi, na mara nyingine ulishinda mbolea ya dukani yenye vyakula vya kiasi kilekile. Kilo 100 za majani yake makavu zina karibu kilo 3 na nusu za azoti na kilo 4 za potasi. Lakini fosfori ni gramu 370 hivi tu. Kwa hiyo majani yanafungua kuliko yanavyoleta. Kama udongo hauna kitu kabisa, yatafungua sanduku tupu. Inafaa kuongeza majivu ya jikoni, mavi ya ng'ombe, mifupa iliyochomwa na kusagwa, au mbolea ya fosfori kama mfuko unaruhusu.

Nisiwafiche taabu yake. Majani mabichi ni maji zaidi ya robo tatu, kwa hiyo kilo 100 za makavu ni mizigo mingi ya kichwa. Na nani anabeba? Wamama. Wababa na vijana, hapa ninawatazama ninyi. Tena asidi hizi hazidumu, vijidudu vya udongo vinazila kwa saa chache au siku chache. Majani ya mwaka jana hayatakusaidia mwaka huu.

Mimi nilikosea. Nilimwaga majivu na mavi shamba zima, kama mtu anayerushia kuku mtama, na sikuona faida. Ukitawanya fosfori namna ile, unaipa chuma na alumini nafasi ya kuikamata pote. Nilipoiweka ndani ya mstari, pamoja na majani yaliyokatwakatwa, nikafunika na kungoja wiki moja kabla ya kupanda, maharagi yalibadilika.

Basi yule mama tulimpangia hivi: mistari miwili na majani na majivu, mistari miwili na majivu peke yake, miwili bila kitu. Mbegu moja, siku moja, na wakati wa kuvuna kila sehemu ipimwe na kopo lilelile. Kijana alinuna, lakini akachukua panga akaenda kukata titonia kando ya barabara. Amesema atangoja mpaka maharagi ya mwezi wa sita, kisha ataamua habari ya Rubaya.