Tufungue Masanduku ya Vitabu vya Kanisa

Ndugu zangu wa Cheyo, na ninyi wa Urambo na Sikonge, nina ombi. Kama nyumbani kwenu kuna kitabu cha zamani cha nyimbo za Kinyamwezi, katekisimu au daftari la babu aliyekuwa mwinjilisti, kitoeni kipigwe picha, kisha kirudi sandukuni mwenu.

Wamisionari wa Kimoraviani walipokea kituo cha Urambo mwaka 1898 kutoka London Missionary Society, na baada ya miaka michache wakafungua Sikonge. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari hao Wajerumani, kazi ikashikwa na Wamoraviani wa Denmark, ambao kitovu chao ni Christiansfeld, mji ulioanzishwa mwaka 1773. Ndiyo maana habari nyingi za babu zetu ziko kwa Kijerumani na Kidenmaki, maana Wamoraviani ni watu wa kuandika: shajara za vituo, barua, hata maisha ya marehemu yanayosomwa mazikoni.

Ughaibuni, maandishi ya Wamoraviani ya namna hii yameanza kuingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta hizo hufundishwa kusoma mwandiko wa mkono. Mtafiti anaweza kupitia maelfu ya kurasa na kuona neno fulani lilianza kutumika lini, au jina la kijiji linatajwa mara ngapi. Ni kazi njema sana. Lakini tukikaa kimya, Unyamwezi utasomwa kwa macho ya wageni peke yao, na wainjilisti waliotembea pori kwa pori wakihubiri watabaki majina tu pembeni mwa shajara za wengine.

Vijana, simu zenu zinatosha kuanzia. Pigeni picha mchana, kwenye mwanga wa dirisha, ukurasa mmoja mmoja, pamoja na jalada. Andikeni kitabu ni cha nani, kilitoka ushirika gani, mwaka gani. Kisha kaeni na wazee mchape maneno yake, kwa sababu kompyuta haijalelewa katika Kinyamwezi. Itakosea, na wa kuisahihisha ni bibi zetu, ambao hawatakuwa nasi siku zote.

Wachungaji, tengeni meza moja ofisini kwa kazi hii, na nakala zihifadhiwe katika sehemu zaidi ya moja. Ndugu Wakatoliki wenye vitabu vilivyochapwa Kipalapala, karibuni pia. Kurasa zenye siri za familia, au majina ya waliotengwa na kanisa, zisisambazwe bila ridhaa ya wenyewe.